Dogo anaimba zilipendwa tu, huyo tumuite msanii?

Mdau wa Shangani: Wakuu, kuna dogo anapiga hotelini hapa Mtwara kila wikiendi, suti na kofia ya pama, anaimba Marijani Rajab, Mbaraka Mwinshehe, Salum Abdallah, akikolea anatupia na za Sinatra, yule mwimbaji wa Marekani. Wimbo wa kwake hana hata mmoja. Nasikia saivi kwenye maharusi anachaji kuliko bendi nzima. Huyo ni msanii au kaseti inayotembea? Na familia za wenye nyimbo zinapata nini?

Binti Ligula: Kaseti?? Kaka una wivu. Mi nimemsikia, sauti anayo, pumzi anayo, maneno yote unayasikia, sio hao wabana pua wenu. Sinatra mwenyewe si muandishi, ile My Way maneno kaandika Paul Anka na wimbo wenyewe asili yake wa Kifaransa. Mbona yeye hamumwiti kaseti

Mzee wa Sindimba: Binti, Sinatra walioandika walilipwa. Huyu kamlipa nani? Sheria yetu ya 1999 inalinda kazi miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Salum Abdallah kafa 65, huyo aimbe tu. Mbaraka kapata ajali Mombasa 79, bado mpaka 2029. Marijani kafa 95, piga hesabu mwenyewe.

Binti Ligula: Shkamoo mzee. Sasa si mwenye ukumbi ndo anatakiwa akate leseni ya nyimbo? Mnamkaba dogo wa watu na maiki yake

Kwetu Mitwero: Kuimba nyimbo za wazee sio dhambi. Ila nyie wa Mtwara mnashangilia chochote, mji mzima hamna bendi ya kueleweka, hizo nyimbo zenyewe za Morogoro na Dar 😂

Mikindani Orijino: Yani mtu wa Lindi ndo anasema hivyo?? Harmonize katokea wapi, Lindi? Mji wenu saa mbili usiku hata mbwa washalala

Kwetu Mitwero: Lindi ilikuwa makao makuu ya jimbo la Kusini nyie bado mnaanika dagaa. Mwingereza kawahamishia ofisi kwa ajili ya bandari ya mradi wake wa karanga, na karanga zenyewe zikamshinda, sasa mnaringa na nini

Mikindani Orijino: Bandari ya karanga ni huko Mtwara mjini, mi nasema Mikindani. Livingstone, yule mpelelezi Mzungu, kashukia hapa 1866, nyumba mpaka leo tunaonyesha wageni

Mzee wa Sindimba: Mnabishana msichokijua. Bendi kuja kusini ilikuwa kazi, mvua ikishika mnalala kivukoni Ndundu, mto Rufiji, na magitaa yenu, daraja la Mkapa limekuja 2003 wengi wa wale washakufa. Sisi tulikuwa tunawasikia redioni RTD tu. Ndo mana watu wazima wakienda pale hotelini wanatoa noti, Marijani hawakuwahi kumuona jukwaani.

Binti Ligula: Umeona mzee, kumbe na wewe unaenda 😂😂

Mzee wa Sindimba: Nimepelekwa na wanangu.

Mdau wa Shangani: Jamani nimeuliza hela inaenda wapi

Kwetu Mitwero: Livingstone mwenyewe alikuwa anapita tu Mikindani, hakukaa

Mikindani Orijino: Kwenu hata kupita hakupita