Baba anawekewa stoma: atafunga wapi kikoi chake?

Binti wa Tanga
Assalaam aleikum ndugu zangu. Baba yangu, mvuvi mwenye umri wa miaka 61, atafanyiwa upasuaji wa saratani ya sehemu ya mwisho ya utumbo mpana wiki ijayo. Daktari ametueleza kwamba njia ya haja kubwa itafungwa kabisa, na ncha ya utumbo itatolewa tumboni upande wa kushoto, ndiyo inayoitwa stoma, na kuwekewa mfuko maisha yake yote. Baba hakuuliza lolote kuhusu maumivu. Aliuliza atafunga wapi kikoi chake na kama ataweza kusali. Tuandae nini?

Muuguzi wa upasuaji
Dada, Mzee ameuliza jambo la msingi. Mwombeni muuguzi au daktari amwekee alama kwa kalamu mahali stoma itakapotoka, na asichorwe akiwa amelala chali tu; aketi, asimame na ainame, kwa kuwa mkunjo wa tumbo usioonekana kitandani hujitokeza anapoketi. Nendeni na kikoi, akifunge kama anavyokifunga nyumbani, kisha arukuu na kusujudu. Alama iwe mbali na fundo, kitovu, makovu na mfupa wa nyonga, tena mahali anapoweza kupaona mwenyewe, la sivyo atategemea mtu wa kumbadilishia kila mara. Nimewahudumia wagonjwa walioletwa usiku utumbo ukiwa umeziba, muda wa kuweka alama haukuwepo, stoma ikaangukia kwenye mkunjo, na kinyesi kikawa kinapenya chini ya kibandiko kinachoshikisha mfuko kwenye ngozi, hadi ngozi ikachubuka. Ninyi mna wiki nzima.

Mwaka wa sita na mfuko
Mwanangu, stoma ni nyekundu na ina unyevu kama ndani ya shavu. Haiumi ikiguswa, na ukiipangusa inaweza kutoa damu kidogo. Hilo lisiwatishe. Ikigeuka zambarau au nyeusi, rudini hospitali siku hiyo hiyo. Mwanzoni huwa imevimba, kisha hunywea kwa muda wa wiki 6 hadi 8, kwa hiyo msikate matundu ya vibandiko vyote kwa mpigo kama nilivyofanya mimi, nikaharibu pakiti nzima. Pimeni kila mnapobadilisha, tundu liizidi stoma kwa milimita 2 hivi. Osheni kwa maji ya uvuguvugu, kausheni vizuri, wala msipake mafuta, kwani kibandiko hakitashika. Mfuko umwagwe ukifika theluthi moja hadi nusu. Asivute nyavu mpaka daktari amruhusu, maana henia (ngiri) hutokea kando ya stoma.

Kuhusu swala, sheikh wetu alinifundisha kwamba mwenye udhuru wa kudumu hutawadha kila wakati wa swala unapoingia, na kinachotoka baadaye bila hiari yake hakimbatilishii udhu. Mimi humwaga mfuko, hutawadha, kisha husimama safuni pamoja na wenzangu.

Binti wa Tanga
Ahsanteni sana. Tumetoka hospitali leo. Alama imewekwa chini ya fundo la kikoi. Baba alisujudu mara mbili mbele ya muuguzi, akajitazama tumboni, akasema hapo panamfaa. Kwa joto hili, mifuko tuihifadhi wapi?

Muuguzi wa upasuaji
Mahali pakavu penye kivuli, kamwe si dirishani wala ndani ya gari, kwani gundi huharibika kwa joto.