Mke wa pili na watoto wake wana kosa gani hata wanyimwe ubatizo?

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Tukuyu, mkoani Mbeya.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa sababu jambo lenyewe limekuwa likijadiliwa kijuujuu na kwa mzaha, ilhali linagusa nyumba nyingi za Rungwe, Kyela na Mbozi, na hata za ndugu zetu wa Iringa na Njombe. Nazungumzia kanuni za Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wetu tunaliita kanisa la Wamormoni, juu ya nani anaruhusiwa kubatizwa na nani anaambiwa hapana. Simlalamikii mmisionari yeyote wala tawi lolote. Nailalamikia kanuni, ambayo ilitangazwa hadharani na viongozi wenye majina, tena kwa tarehe zinazojulikana.

Niseme kwanza yale ambayo sina ugomvi nayo, ili mtu asije akaniambia kwamba naichukia dini ya watu. Kanisa hilo halibatizi watoto wachanga. Mtoto hubatizwa akifikisha miaka 8, na mwenye umri mdogo kisheria ni lazima wazazi au walezi wake waridhie. Hilo ni jema. Anayetaka kujiunga anafanyiwa usaili, anaulizwa kama anamwamini Kristo, kama ametubu, kama yuko tayari kutoa zaka, na kama atashika kile wanachokiita Neno la Hekima, yaani kuacha pombe, tumbaku, kahawa na chai. Kwa mtu wa Mufindi aliyekulia kwenye ulanzi, au wa Mbozi anayelima kahawa na kuinywa kila asubuhi, sharti hilo ni zito, lakini ni sharti juu ya mwili wake mwenyewe, na akiamua kuacha, anaacha leo hii bila kumuumiza mtu. Vilevile wanaoishi pamoja bila ndoa wanaambiwa wafunge ndoa au watengane. Hao nao wana njia, kwa maana ofisi ya Mkuu wa Wilaya iko wazi na tangazo la ndoa ni la siku 21.

Mke wa pili hana njia ya namna hiyo, na hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia.

Oktoba 1998, Gordon B. Hinckley, aliyekuwa rais wa kanisa hilo, alisema mbele ya mkutano mkuu kwamba hata katika nchi ambazo sheria za serikali au za dini zinaruhusu ndoa ya wake wengi, kanisa lake halimpokei kuwa muumini mtu anayeishi katika ndoa hiyo. Hakutofautisha kati ya mwanamume aliyekwenda kuoa mara ya pili na mwanamke aliyeolewa. Hakutofautisha kati ya mke wa kwanza, ambaye pengine alipinga na akalia usiku kucha mwenzake alipoletwa, na mume aliyemleta. Wote wamewekwa kapu moja. Na sisi tunaishi katika nchi ambayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi kuwa ndoa halali, inayoandikishwa na kupewa cheti kama nyingine yoyote. Mwanamke huyu si kimada, wala haishi kwa kujificha. Ni mke wa mtu mbele ya ukoo, mbele ya kijiji na mbele ya sheria.

Hebu tuangalie kwa karibu anachotakiwa kufanya. Chukueni kaya ya kawaida ya huku kwetu, yenye nyumba mbili katika uwanja mmoja, migomba nyuma, na shamba la chai mteremkoni. Mama anachuma tangu umande haujakauka, anabeba kapu hadi kituo cha kupimia, lakini kitabu cha mauzo ya majani mabichi kina jina la mume. Nyumba anayolala imejengwa juu ya ardhi ya ukoo wa mume. Watoto wake wanakula popote walipokuta chakula kimeiva, kwa mama yao au kwa mama mkubwa, na anapougua ni mke mwenzake anayemchemshia uji. Sasa mwanamke huyu amesikia mahubiri, ameamini, anataka kubatizwa. Ili abatizwe, ndoa hiyo ni lazima ifike mwisho.

Itafikaje mwisho? Kwa sheria zetu, ataanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kisha aende mahakamani, na mahakama haitoi talaka mpaka iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ndoa yake haijavunjika. Hajapigwa, hajatelekezwa, hajakosana na mtu. Kwa hiyo atasimama mbele ya hakimu aseme uongo juu ya mume wake, ili akasimame mbele ya kanisa aulizwe kama ametubu dhambi zake. Kaka zake wataanza kuulizwa habari za ng'ombe wa mahari. Watoto watabaki kwa baba au watamfuata kwenda kupanga chumba Mwanjelwa, Mbeya mjini. Njia nyingine iliyobaki ni kungoja mume afe. Nawauliza wenye familia humu ndani: je, kuna mtu mwenye huruma anayeweza kumwambia mama wa watoto watano kwamba wokovu wake unangoja ama talaka ama msiba?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba kanisa linaloyasema haya si geni kwa ndoa za wake wengi. Mwanzilishi wake, Joseph Smith, alioa wanawake wengi, na mwaka 2014 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo yanayokiri kwamba makadirio ya uangalifu yanaweka idadi yao kati ya 30 na 40. Mwaka 1852 fundisho hilo lilitangazwa hadharani kule Utah, nalo likafuatwa wazi kwa miongo kadhaa mpaka Rais Wilford Woodruff alipotoa tamko la kulisimamisha mwaka 1890, baada ya serikali ya Marekani kubana mali za kanisa na kuwafunga wanaume. Hata baada ya tamko hilo, wake waliokwisha kuolewa hawakuambiwa kwa ujumla wao wafungashe. Wengi waliendelea kuishi na waume zao hadi uzeeni wakiwa waumini waliobatizwa. Waumini wa Utah walipewa muda wa kizazi kizima ili nyumba zao zisibomolewe. Kwa nini mama wa Rungwe asipewe hata nusu ya subira hiyo?

Nije kwa watoto, na hapa naomba mniwie radhi nikipaza sauti, kwa kuwa mimi mwenyewe nimezaliwa na mke wa pili. Novemba 2015 kanisa hilo lilitoa kanuni ya kuzuia watoto wa wazazi wa jinsia moja wasibatizwe mpaka wafikishe miaka 18 na waikane desturi ya ndoa za jinsia moja. Katika kuitetea, Mzee D. Todd Christofferson, wakati huo mmoja wa mitume wao kumi na wawili, alieleza kwamba kanuni hiyo ilifuata mfano wa ile iliyokuwapo tangu zamani juu ya watoto wa familia za wake wengi. Mwongozo wa viongozi wa miaka ile ulitaka mtoto wa nyumba kama hiyo apate kibali maalumu, ayakane mafundisho ambayo wazazi wake waliyategemea katika kuoana, na akiwa bado mdogo, asiwe anaishi katika nyumba ambayo ndoa hiyo inaendelea.

Someni tena sharti hilo la mwisho. Mtoto wa darasa la tatu aondoke nyumbani kwao, aende wapi?

Kanuni ya mwaka 2015 iliamsha kelele kubwa Marekani. Watu walijitoa kanisani, wazazi waliandika, magazeti yaliandika, na Aprili 2019 viongozi wakaiondoa. Sina kinyongo na waliosaidiwa na badiliko lile. Mtoto ni mtoto. Ninachouliza ni kwa nini jani lilikatwa shina likaachwa. Watoto wa wake wengi ndio waliokuwa mfano wa kwanza, lakini hakuna aliyewapigia kelele, kwa sababu wengi wao wako Afrika, na mama zao hawana mwandishi wa gazeti wa kumpigia simu. Na Makala ya Imani ya pili, mojawapo ya kauli fupi za imani yao, aliyoiandika Joseph Smith mwenyewe mwaka 1842, inafundisha kwamba wanadamu wataadhibiwa kwa dhambi zao wenyewe na si kwa kosa la Adamu. Ikiwa mtoto habebi kosa la Adamu, kwa nini abebe la baba yake, tena lisilo kosa kwa sheria ya nchi yake?

Nimeshaambiwa kwamba maneno ya mwongozo ule yalihusu wazazi waliooana kinyume cha sheria, yaani yaliwalenga wale wa vikundi vilivyojitenga na kanisa hilo vikaendelea na wake wengi huko Utah na Arizona. Kama ndivyo, basi itamkwe wazi, kwa Kiswahili, kwamba mtoto wa huku kwetu Busokelo hahusiki na kizuizi hicho, ili kiongozi wa tawi asikisie kwa kuogopa kukosea.

Najua jibu la pili litakalokuja: sheria ni msumeno, na makanisa mengine nayo yanazuia. Ni kweli, na tangu wamisionari Wamoraviani walipofungua kituo Rungwe mwaka 1891 wazee wetu wamelia kilio hikihiki. Lakini si kweli kwamba hakuna njia nyingine. Waanglikana waliamua mwaka 1888, kwenye mkutano wa maaskofu wao wa dunia nzima uitwao Lambeth, kwamba mwenye wake wengi asibatizwe. Miaka 100 baadaye, mwaka 1988, mkutano huohuo, baada ya maaskofu wa Afrika kuisimamia hoja, ulikubali abatizwe pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, kwa masharti kwamba asioe tena na kwamba jumuiya ya waumini wa mahali pale iridhie, na ukasema asilazimishwe kumwacha mke yeyote kwa sababu ya dhiki itakayompata mwanamke huyo. Hawakuihalalisha ndoa ya wake wengi. Waliona tu kwamba dawa ya kumfukuza mwanamke nyumbani ni mbaya kuliko ugonjwa.

Jambo la mwisho ni uwazi. Mpaka Februari 2020 sehemu ya mwongozo yenye kanuni hizi ilikuwa mikononi mwa viongozi tu. Sasa umewekwa mtandaoni kila mtu ausome, nami nashukuru kwa hilo. Lakini mama asiye na simu janja ataufahamu lini? Nataka mke wa mwenye wake wengi aelezwe kanuni hii siku ya kwanza anapokaribisha wageni sebuleni, kabla hajahudhuria ibada, kabla hajawaambia majirani, na kabla hajaacha kanisa alilozaliwa. Kumfundisha mtu mpaka moyo wake ufunguke, ndipo umweleze kwamba mlango haumhusu, ni ukatili hata kama aliyefundisha ni kijana mpole wa miaka 20 asiyejua ndoa za huku zinavyofungwa.

Kama humu ndani kuna muumini wa kanisa hilo, awe wa Mbeya, Iringa au kwingineko, namwomba kwa heshima asinijibu kwa kunihubiria ubaya wa wake wengi. Mimi sioi wake wengi na wala siutetei utaratibu huo. Anijibu hili tu: mke wa pili aliyeolewa kihalali, mwenye watoto wadogo, anayeishi kwa amani na mume wake, afanye nini wiki hii ili abatizwe, na watoto wake walale wapi?