Naombeni ushauri: jarida la mtaa, bajeti ndogo, muda unaisha

Katibu wa Chamazi
Wakuu habari za jioni. Nina jarida la mtaa wetu huku Chamazi. Kuna wazee waliohamia kabla ya lami, mafundi wa kuaminika na namba zao, zamu za maji, ukurasa wa watoto. Kurasa 30, saizi ya A5, rangi mwanzo mwisho, nakala 500. Mchapaji wa Kariakoo kanipa milioni 1.6. Nawezaje kushusha gharama bila kuharibu ubora? Lazima litoke kabla ya mwezi kuisha, na usingizi sina. Wenye uzoefu nisaidieni, matusi hapana.

Mzee wa Gereji
Tupia PDF kwenye grupu la mtaa, kazi kwisha. Nani ananunua karatasi siku hizi?

Fundi Pleti
Mkuu, inayokula hela yako ni rangi. Kwenye ofseti, mashine inayochapa kwa pleti (bamba la chuma), rangi kamili inataka pleti nne kila upande wa karatasi. Nyeusi inataka moja. Jalada tu liwe la rangi. Ndani weka nyeusi, kapige kwenye riso, zile mashine za kutolea mitihani. Nakala 500 ndiyo kazi yake hasa. A4 moja ukiikunja inatoa kurasa nne za A5, kwa hiyo kurasa 28 za ndani ni karatasi saba kwa nakala. Rimu saba zinamaliza kazi, ongeza moja ya kuharibika. Karatasi kanunue mwenyewe. Kurasa panga kwa Scribus, ni programu ya bure na inatoa PDF ya CMYK, zile rangi nne za uchapaji. Na picha za WhatsApp zinakuja zimebanwa, ukichapa zinatoka na ukungu. Waambie wakutumie kama faili.

Binti wa Manila
Sisi sekondari tulikuwa na gazeti la ukutani. Bajeti yetu: karatasi ya manila na gundi ya uji wa ngano. Niliandika habari ya wadudu kwenye maharage, kufika mapumziko ya saa nne limeshang'olewa. Hapo ndipo lilipopata wasomaji, kila mtu akawa ananifuata kuuliza lilisemaje. Najua sijajibu swali, nimekumbuka tu.

Mama Wawili
Bajeti ndogo ni shilingi ngapi? Na ya nani?

Katibu wa Chamazi
Za kuanzia zipo, matangazo ya maduka yatajazia. Tujadili uchapaji tafadhali.

Mama Wawili
Hizo za kuanzia ni za nani?

Katibu wa Chamazi
Haya. Ni mfuko wa kuzikana wa mtaa, mimi ndiye katibu. Kwenye kikao wanachama walisema wenyewe jarida ni wazo zuri. Mweka hazina, ambaye ni shemeji yangu, katoa laki nane na nimeshazitanguliza kwa mchapaji. Jamani huu si wizi. Pesa imelala tu, tangu Pasaka hatujapata msiba. Nakala 500 kwa 4,000 ni milioni 2, mfuko unarudishiwa chake kabla ya mkutano mkuu na chenji inabaki. Na rangi sipunguzi, wenye maduka nimeshawaahidi.

Mzee wa Gereji
Akianguka mtu kesho mtamvika sanda ya kurasa 30 za rangi?

Mja wa Mola
Amana ni amana. Walisifu wazo, hawakuruhusu pesa itoke. Muhtasari wa kikao unasemaje?

Katibu wa Chamazi
Muhtasari nauandika mimi, mkuu.

Mja wa Mola
Innalillahi.

Kapuku wa Posta
Halafu unauza 4,000? Jarida linataka leseni ya Idara ya Habari, MAELEZO, kwa Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Umepita huko?

Katibu wa Chamazi
Ni la mtaa tu hili, sio gazeti la taifa.

Kapuku wa Posta
Haya, kawaelezee hivyohivyo.

Mpelelezi Mstaafu
Mnapoteza bando, hii chai. Jarida la pini halina kurasa 30, lazima zigawanyike kwa nne: 28 au 32. Mchapaji aliyelamba laki nane angemwambia siku ya kwanza. Huyu kakaa kitandani katunga.

Fundi Pleti
Kwenye 30 hata mimi nilishtuka, nikanyamaza. Kwa gundi ya mgongo inawezekana, ila kwa wembamba ule litafumuka wiki ya pili.

Binti wa Manila
Kama ni chai ina tangawizi. Endelea, Katibu.

Katibu wa Chamazi
Nilizoandika MIMI ni 30. Mchapaji kasema kuna mbili zinabaki, niamue ziwe tupu au tangazo. Chai kunywa wewe. Risiti hiyo hapo chini nimeipiga picha.

Mpelelezi Mstaafu
Risiti ya mkono. Ya EFD, ile mashine ya kodi, iko wapi?

Mzee wa Gereji
EFD! Mimi gereji yangu tu walinipiga faini, we acha. Siku hiyo mteja mwenyewe ndiye alikuwa mtu wa...

Saruji na Nondo
Samahanini wakuu, hizo kurasa mbili zimeshachukuliwa? Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbande.

Katibu wa Chamazi
Bado mkuu! Ukurasa laki na nusu. Ukituma leo nakuweka ya katikati. Njoo PM nikupe namba.

Mama Wawili
Saruji, hiyo hela mtumie mweka hazina moja kwa moja, isipitie kwake.

Katibu wa Chamazi
Mweka hazina kasafiri.

Mama Wawili
Na simu yake nayo imesafiri?