Spika yangu imeitwa CHANDARUA mbele ya baba mkwe. Leo sinyamazi

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, ameondoka sasa hivi. Wote mnamjua, simtaji. Yule bingwa wa sabwufa, ambaye akiwasha mziki kwake mabati ya mtaa wa tatu yanang'oka misumari.

Nina wageni sebuleni. Nimeweka taarabu, mwimbaji kasimama katikati ya chumba mpaka unataka kumvutia kiti. Bwana huyu kanyanyuka, kaigonga spika kwa kidole, kanigeukia: "Hiki chandarua kina dawa?"

KINA DAWA?

Na baba mkwe akacheka. Baba mkwe! Tangu nimuoe bintiye sijawahi kuyaona meno yake, leo nimeyaona mpaka magego.

Anachokiita chandarua ni spika ya Quad ESL, kazi ya Peter Walker wa Uingereza, iliingia sokoni 1957. Ndani hakuna koni ya kusukuma hewa, hakuna koili ya waya, hakuna sumaku. Kuna utando mwembamba wa plastiki uliochajiwa maelfu ya volti, umekaa kati ya mabamba mawili yenye matundu. Mziki unaingia kwenye mabamba, utando unavutwa huku na kule, wote kwa pamoja. Hakuna mzigo wa koni na koili wa kuusukuma na kuusimamisha, ndiyo maana sauti ya mtu inatoka safi vile. Maelfu ya volti yako nyuma ya ule wavu wa chuma, mtu anagonga kwa KIDOLE halafu anauliza dawa!

Halafu bwana huyo akaongeza eti "spika ni sumaku na koni, mengine urembo". Koni na koili ya Rice na Kellogg wa General Electric, 1925, ni njia moja tu. Oskar Heil aliukunja utando mikunjo mikunjo, ukawa unaibana hewa na kuitema. Lincoln Walsh aliigeuza koni ikatazama chini, sauti ikatoka pande zote. Twita (spika ya noti za juu) ya Plasmatronics haina utando kabisa, ni gesi iliyowashwa kwa umeme ndiyo inayosukuma hewa, na inataka mtungi wa heliamu. Hao nao waulizwe kama wana dawa?

Mbele ya baba mkwe, jamani.

Waya Mbili: Mkuu punguza povu. Ila hujajibu, kina dawa au hakina?

Mama Twita: Ni yeye yule yule! Kwangu aliiita Magnepan yangu, spika bapa ndefu, mlango. Akaizunguka akitafuta kitasa.

Fundi Gerezani: Mimi napiga sherehe. Kitu hicho besi yake iko wapi? Kiko wazi nyuma, sauti ya nyuma inazunguka inakutana na ya mbele, besi zinauana. Ukumbi wa watu mia tatu utapiga nini?

Mwenye uzi: Nani kataja ukumbi? Nimesema SEBULE. Na kaigonga kwa kidole, hilo hamlioni?

Fundi Gerezani: Na ampu je? Noti zikipanda, omu (ukinzani wa spika) zinashuka, ampu inazidi kubebeshwa. Ampu ya bei poa itakulilia.

Mwenye uzi: Ampu yangu haijawahi kulia. Aliyelia ni mimi, nilipoulizwa DAWA.

Kasuku wa Redio: Hayo ya dawa tuyaache. Nani atawasemesha hawa wauzaji wanaobandika wati 5000 kwenye redio ambayo ukutani inakula wati 60? Hizo wati nyingine zinatoka mbinguni?

Mama Twita: Hapo umegusa donda! Hizo wati za kubandika, PMPO wanaziita, zimetumaliza.

Waya Mbili: Mimi niliuziwa sabwufa ya spika nne. Kufungua nyuma, nzima ni moja. Tatu ni plastiki za urembo, hazina waya hata mmoja.

Kasuku wa Redio: Yangu ilikuwa na taa za rangi. Spika iliungua mwaka wa kwanza, taa zinacheza mpaka leo.

Mwenye uzi: Turudi kwenye mada tafadhali. Mtu mzima kaja kwangu, kanywa chai yangu, kaniuliza chandarua kina dawa!

Mama Twita: Pole mwaya. Waya Mbili, hiyo sabwufa uliirudisha?

Waya Mbili: Niliirudisha. Muuzaji kanambia nilifungua mwenyewe, waranti imekufa.

Fundi Gerezani: Wote ndivyo walivyo. Walahi mimi bora nijenge boksi mwenyewe na mbao zangu.

Mpita Njia: Samahani wakuu, kuna mwenye wufa ya inchi 12 iliyotumika? Koni isiwe imechanika. Nipo Mbagala.

Fundi Gerezani: Ninayo. Njoo PM.