Mbwa anabweka usiku kucha hapa Mtopanga na jirani ana mtoto mchanga, nifanyeje?

KijanaWaMtopanga

Hamjambo wenzangu. Nakaa Mtopanga, Mombasa, nimepanga kwenye kiwanja cha nyumba tatu, na nina mbwa anaitwa Simba, ana miaka miwili na nusu, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kawaida wa hapa hapa. Nilimchukua mwaka jana baada ya kuibiwa mtungi wa gesi na viatu vyote vya mlangoni usiku mmoja. Sasa shida ni kubweka. Anaanza kama saa nne usiku, anaenda mpaka saa saba, ananyamaza kidogo, halafu ikipigwa adhana ya alfajiri anainua shingo anaanza ule mlio mrefu kama mtu aliyefiwa, hanyamazi mpaka adhana iishe.

Jirani tunayepakana ukuta amejifungua, mtoto ana wiki tano. Jumamosi mama wa huyo jirani, bibi yake mtoto, akaja, akasimama getini, akaniambia kwa upole kabisa, "mwanangu, huyu mtoto hajalala tangu arudi hospitali." Wallahi angenitukana ningeona afadhali. Na mwenye nyumba kanipa mpaka mwisho wa mwezi, mbwa anyamaze ama tuhame sote wawili.

Nimemfokea, nimemchapa na ndara, nimemwagia maji, anatulia dakika mbili anaanza tena. Rafiki yangu anasema ninunue ile kola ya umeme, mwengine ati kuna daktari anaweza kumkata sauti. Sitaki kumtesa na sitaki kumtupa barabarani. Mchana namfunga mnyororo kwenye mti wa mkungu kwa sababu watoto wa kiwanja wanamwogopa, natoka saa kumi na mbili unusu asubuhi narudi saa moja usiku. Mwenye kujua anisaidie tafadhali.

MamaBosi

Pole sana kakangu. Nimesoma mpaka nikafika hapo kwa mnyororo nikasimama. Hayo ni masaa kumi na mbili na nusu kwenye mti mmoja. Kesho kukicha hebu angalia chini ya huo mkungu, ukiona kuna duara limechimbika kwenye mchanga na majani hayaoti basi kelele ya usiku inaanzia hapo. Mbwa wangu Bosi alikuwa na duara kama hilo, ukilitizama unaona mpaka mnyororo ulipokuwa unakwaruza shina la mti gome limetoka. Mchana kutwa amelala kwa joto hana la kufanya, usiku upepo wa baharini ukianza ndio anaamka na nguvu zake zote, hajatembea, hajanusa kitu, hajaguswa na mtu. Paka akipita juu ya mabati anabweka, kungu likidondoka anabweka, tuktuk ikipita anabweka.

Kilichonisaidia kwanza ni daftari. Wiki nzima niliandika saa ngapi, anaangalia wapi, na nini kilikuwa kinapita. Nikaona sehemu kubwa ni geti, lilikuwa la nondo unaona mpaka barabarani, sasa kila mpita njia anabwekewa, na mpita njia si anaenda zake, lakini mbwa yeye anaona amemfukuza, kazi imefaulu, kesho anarudia kwa bidii zaidi. Nikamwita fundi akaziba kwa mabati upande wa chini kwa kimo cha mbwa, kazi ya nusu siku tu. Na kunguru usiwasahau, hawa wa kwetu Mombasa wanachokoza mbwa makusudi, mmoja anavuta mkia mwengine anaiba chakula. Sahani yangu siachi nje tena.

Na umtembeze. Asubuhi kabla jua halijapanda, na usiku ukirudi kabla hujakaa kitako. Usimburute, mwache anuse kila kichaka atakacho, kunusa kunamchosha kichwa kushinda kukimbia. Mchana usijaribu, lami inachoma nyayo, weka kiganja chako chini, ukishindwa kuvumilia hata yeye hawezi.

Baharia_Likoni

Mimi naona tofauti. Mbwa kazi yake kubweka, umeibiwa ukamleta alinde, leo unataka anyamaze? Hao wezi watarudi.

MsaidiziWaMifugo

Baharia nakuelewa, lakini fikiria hivi. Simba akibweka masaa matatu mfululizo kila siku, siku mwizi anaruka ukuta nani ataamka? Mwenyewe ashazoea, majirani washaziba masikio. Mlinzi mzuri ni yule akibweka mara tatu nne watu wanajua kuna kitu.

KijanaWaMtopanga, mimi nimefanya kazi na daktari wa mifugo miaka tisa, mengi ya haya nimeyaona kwa macho yangu. Kabla ya yote mpeleke akaangaliwe. Mbwa mwenye kidonda ndani ya sikio, kupe wamejaa, ama maumivu ya meno, hawezi kutulia usiku. Hapa pwani kupe ni balaa, wanaleta homa inayommaliza mbwa polepole, pasua manyoya uangalie nyuma ya masikio na katikati ya vidole. Na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, hiyo haina mjadala. Mbwa sauti yake ikibadilika ghafla ikawa ya kukwaruza, anatoka mate, anauma bila sababu, usimguse, piga simu kwa daktari. Akiuma mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali hapo hapo, usingoje kesho.

Kola ya umeme achana nayo. Mbwa anayebweka kwa woga akipigwa shoti wakati mtoto anapita, anajifunza kwamba mtoto ndio analeta maumivu, na siku moja atauma bila hata kubweka. Kukata sauti ni kumpasua mbwa kwa shida ambayo haiko kooni. Na kumfokea, wewe unaona umemkataza, yeye anasikia na wewe unabweka naye. Ndio maana anatulia dakika mbili tu.

Fanya hivi. Wakati ametulia mchana, kata vipande vidogo vya nyama ama samaki aliyechemshwa bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, wengi hawajui). Mwambie mtu agonge geti. Akibweka mara mbili tatu, shika kile kipande puani pake. Hawezi kunusa vizuri na kubweka kwa pamoja, atanyamaza. Akinyamaza tu sema "kimya" kwa sauti ya kawaida, hesabu mbili, mpe. Kesho hesabu tano, halafu kumi. Dakika tano kwa siku zinatosha. Usimpe wakati anabweka hata mara moja, hapo utakuwa umemlipa kwa kelele. Na ujue, kama alizoea ukitoka kumfokea, ukiacha kutoka atazidisha siku mbili tatu kabla ya kupunguza. Wengi wanakata tamaa hapo hapo, na akiona kelele kubwa ndiyo imekutoa nje, hiyo kubwa ndiyo atakayoanza nayo kesho. Kwa hivyo mwambie jirani mapema.

Usiku mwache alale ndani ama barazani karibu na mlango wako. Masikio yake yanafika sauti za mawimbi 45,000 kwa sekunde na zaidi, sisi tunaishia 20,000, nje pale anasikia vitu ambavyo kwako havipo. Ukitoka asubuhi usimwekee chakula chote kwa sahani. Nusu itawanye kwenye nyasi aitafute, nusu ichanganye na dagaa na maji uigandishe usiku kwenye friza kama barafu, atairamba saa nzima.

UmmuRayyan

Assalaam alaykum. Mimi niongee kama jirani, kwa sababu nimekuwa upande wa pili wa ukuta kama huo. Jirani yetu wa zamani alikuwa na mbwa na kibanda chake kilikuwa kimeegemea chumba cha kulala cha wanangu. Sisi wengi hapa ni Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba moja kwa mchanga, kwa hivyo mtu akikwambia mbwa asisogee mlangoni kwake usione anakuchukia, anafikiria swala yake. Mbwa wa ulinzi hatukatazwi, lakini jirani ana haki yake.

Jirani yangu siku moja alikuja na mumewe, akaniuliza, ni saa ngapi inawasumbua zaidi? Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia saa tano, watoto wanapoanza kulala. Wiki hiyo hiyo akahamisha kibanda upande wa barabara. Kelele haikuisha yote lakini mimi roho yangu ilitulia, nikajua kuna mtu anajali. Nenda kwa yule bibi kakangu, usisubiri aje tena yeye. Akitaka kukushtaki anaweza, kanuni za kelele za 2009 zipo na zinahesabu usiku kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili asubuhi, lakini aliyekuja kusimama getini akakuita mwanangu hataki kesi.

Na hiyo ya adhana watu watakwambia anaona shetani. Sauti ndefu ya kuvutwa inamfanya aitikie, hata king'ora cha ambulensi kitamfanya vile vile. Kama spika ya msikiti inaelekea kwenu, awe ndani wakati huo na feni imewashwa.

KijanaWaMtopanga

Narudi baada ya wiki tatu. Kwanza asanteni, sikutarajia mtu aniandikie mambo marefu hivi.

Lile duara lipo MamaBosi. Nililitizama asubuhi ile ile, limeingia chini kama nusu ya kiganja, na mimi kila siku nalipita sikuwahi kuliona. Mnyororo nimetoa. Nimeongea na mwenye nyumba akakubali nizungushe wavu upande wa nyuma, mbali na watoto na mbali na ule ukuta. Daktari alimkuta na kupe wengi na sikio la kushoto limevimba, akampa dawa ya siku kumi.

Kwa bibi nilienda jioni ya siku ya pili. Nilimweleza kila kitu, mpaka hiyo ya kwamba atazidisha kabla ya kupunguza, na kweli usiku wa tatu na wa nne alibweka vibaya sana, nilikaa kitandani nimeshika shuka nisitoke. Sasa hivi analala barazani kwangu. Juzi alibweka mara nne saa sita, nikachungulia, kumbe mlinzi wa jirani amepita na tochi, nikasema kimya, akajilaza. Adhana bado analia, ila wakati huo namwingiza ndani, na mlango umefungwa. Mwenye nyumba hajaniambia kitu tena na mwezi umeisha.

Jana bibi kaniuliza kupitia dirishani, "Simba mgonjwa? Simsikii." Nikamwambia mzima.

Swali moja limebaki, tumbili. Wanakuja saa tisa mchana kula kungu na mimi niko kazini. Kuna aliyewahi kuwashinda?