Mada: Nimefiwa, ukweni wamenyamaza

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mimi ni yule wa Northampton, hapa Uingereza. Mume wangu alifariki mwezi wa pili tukampeleka kuzikwa kwao Moshi. Wengi mlichanga, nawashukuru sana. Nina watoto wawili, miaka 9 na 4. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na sasa sina mtu wa kulala na watoto.

Siku ya kuanua matanga shemeji mkubwa alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu na watoto wake ni wetu, hawatalala njaa." Nampigia tangu mwisho wa mwezi wa tatu. Mara yuko barabarani, mara yuko kikaoni, siku hizi ni tiki mbili za bluu na kimya. Wifi akanijibu kwa niaba yake: "Wewe uko Ulaya, sisi ndio wa kusaidiwa." Marehemu alikuwa akimtumia mama yake paundi 100 kila mwezi. Juzi mama mkwe ameniulizia ile hela.

Niwaandikie kwa lugha gani wanielewe?

Mama Wawili

---

Pole sana shemeji. Kwa uzoefu wangu, nyumbani wanaamini huku tunaokota hela chini, kwa hiyo ukilia shida wanadhani unawakwepa. Swali moja tu: mlijenga?

Kaka wa Leicester

---

Tulijenga Goba, Dar. Kiwanja cha 2016, kwa jina la marehemu. Vyumba vitatu na fremu mbili kwa mbele, zote zina wapangaji. Shemeji ndiye aliyesimamia mafundi, kodi anapokea yeye.

Mama Wawili

---

Mdogo wangu, kumbe hujaomba msaada hata siku moja. Umekuwa ukiomba chako kwa sauti ya mtu anayeomba cha mwenzake.

Nami nimefiwa, ni 2011. Miaka miwili nilituma "shikamoo kaka, naomba mnifikirie". Nilipokuja kushtuka, gari limeshauzwa na shamba limeshapimwa viwanja.

Kisheria shemeji hana deni la kukulisha. Aliyosema matangani ni maneno ya matangani. Ila kodi ya Goba ni mali ya marehemu, na mali ya marehemu haina mwenye mamlaka mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu, hakiteui. Na msimamizi siyo mrithi. Anakusanya, analipa madeni, anagawa, anarudisha hesabu mahakamani. Hata wewe mjane unaweza kuteuliwa.

Kwa hiyo usimuulize shemeji "mtanisaidia lini". Muulize mirathi imefunguliwa mahakama gani, na nani msimamizi. Mahakama ina maana kubwa hapa. Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Kwa tangazo la sheria za kimila la 1963, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo; fungu lake, inasema, ni kutunzwa na watoto wake. Huyo wako wa miaka 4 ndiye akutunze! Nyinyi mlifunga ndoa kanisani na mmeishi huku, kwa hiyo hoja yenu ni kwamba hamkuishi kimila. Mkristo asiyeacha wosia mirathi yake inakwenda mahakama za ngazi za juu, kwa Sheria ya Mirathi ya India ya 1865 (naam, ya India, tunayo mpaka leo): theluthi moja ya mjane, theluthi mbili za watoto. Mngekuwa Waislamu ungepata thumni, kwa kuwa kuna watoto.

Tafuta wakili wa Dar, mwandikie karatasi ya kumpa mamlaka akusimamie, uipitishe ubalozini London. Kusanya risiti zote za hela mlizotuma za ujenzi.

Lakini kabla ya hayo, alifariki tarehe ngapi? Kuna malipo ya serikali ya hapa kwa aliyefiwa na mume au mke, yanaitwa Bereavement Support Payment. Mwenye watoto anaanza na paundi 3,500, kisha 350 kwa mwezi hadi miezi 18, ikiwa marehemu alichangia bima ya taifa angalau wiki 25 katika mwaka mmoja wa kodi. Ukiomba baada ya miezi mitatu tangu kifo, wanaanza kukukata. Na waambie halmashauri umebaki mtu mzima peke yako, wapunguze robo ya council tax, ile kodi ya nyumba wanayotoza.

Mama wa Reading

---

Naunga mkono, ila dada usiende mahakamani kama uendaye vitani. Kaburi liko kule, na watoto ni wa ukoo ule. Mpitie mshenga wenu au baba mdogo kwanza. Na mama mkwe usimchanganye na hawa wengine. Ukiwa na paundi 20, mtumie. Huyo kafiwa na mtoto.

Kaka wa Leicester

---

Alifariki tarehe 19 Februari. Leo ni 11 Mei.

Nimepiga asubuhi baada ya kupeleka watoto shule. Walitaka namba yake ya bima ya taifa. Nikaikuta kwenye karatasi ya mshahara, mfuko wa ndani wa lile koti lake la kazini ambalo sijaweza kulifua. Maombi yamepokelewa.

Mama mkwe nimemtumia 20. Amelia kwenye simu, nami nikalia.

Shemeji nimemwandikia mstari mmoja: "Shikamoo shemeji, naomba kujua mirathi imefunguliwa mahakama gani na msimamizi ni nani." Dakika kumi hazikupita, akapiga mwenyewe. Nilikuwa kwenye basi, sikupokea. Kapiga tena mara tatu.

Mama wa Reading, huyo wakili wa Dar mnamfahamu? Nitumieni faragha tafadhali.

Mama Wawili