Mrejesho: mwaka halisi wa Datsun 240Z ya mjomba
Ndugu zangu, niliuliza mwaka halisi wa gari la marehemu mjomba, Datsun 240Z, lililoko Area C, Dodoma, ambalo kadi yake ya usajili inasema 1973. Namba ya chesisi inaanza na HS30, yaani usukani wa kulia. Injini ni L24, aina ya asili ya 240Z, lakini injini hubadilishwa, hivyo sikuitegemea. Kilichoamua ni bodi: mlango wa nyuma una matundu ya hewa, ambayo kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia mwanzoni mwa 1971 yalihamishiwa kwenye nguzo za nyuma za pembeni zinazoshika paa, katika nembo ya duara yenye herufi Z, ilhali nguzo za hili zina maandishi 240Z tu. Basi lilitengenezwa kabla ya mabadiliko hayo, si 1973, mwaka ambao dereva Shekhar Mehta alishinda Safari Rally kwa gari la aina hii, hadithi ambayo binamu zangu hawataki kuiacha.